Maswali na majibu: Presha, sukari na pumzi inayokatika usiku

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu mtu wa aina moja: ana presha, sukari imeanza kupanda, na usiku halali vizuri. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, tukazifupisha na kuondoa majina. Dawa tumeziandika kama zinavyosomeka kwenye boksi, ili usibabaike mbele ya mfamasia. Vipimo vya sukari vipo kwa mmol/L. Kama mashine yako inasoma mg/dL, zidisha namba zetu kwa 18.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, miaka 52, kilo 98, urefu sentimita 174. Anameza amlodipine, losartan na hydrochlorothiazide, na mimi ndiye ninayemhesabia vidonge. Hata hivyo kila tukienda kliniki presha ni 158/96 au zaidi, na mara ya mwisho sukari ya kabla ya kula ilikuwa 6.8. Usiku anakoroma hadi watoto wa chumba cha pili wanaamka, kisha kimya kabisa, nahesabu hadi ishirini na zaidi, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mchana anasinzia hata akiwa anakula. Kliniki wanasema hamezi dawa. (Mama wa watoto wanne, Morogoro)

Hicho kimya unachokihesabu gizani ndicho kinachokosekana kwenye kadi ya kliniki. Kiandike na ukipeleke.

Presha inayobaki juu wakati mgonjwa anameza dawa tatu kwa dozi kamili, moja ikiwa ya kukojoza, huitwa presha sugu. Watu wengi wenye presha sugu, wakipimwa, hukutwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye shingo nene, ulimi mkubwa au taya dogo, njia ya hewa hujifunga kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Oksijeni inashuka, hewa chafu inajaa kwenye damu, ubongo unaingiwa na hofu na kumwaga adrenalini. Hapo anashtuka, koo linafunguka, anakoroma upya, na asubuhi hakumbuki chochote. Mwenye tatizo kali hupitia hayo mara 30 au zaidi kwa kila saa.

Kwa kawaida presha ya mtu aliyelala hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa mumeo, kila mshtuko unaipandisha, kwa hiyo mishipa yake haipati likizo ya usiku. Sukari nayo inaingia kwa mlango huohuo: adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, huliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu na kuzifanya seli zisiitikie insulini vizuri. Hiyo 6.8 bado si kisukari, kwa kuwa kisukari huanzia 7.0 na kipimo hurudiwa siku nyingine, lakini iko ukingoni. Aombe HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu) au kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili.

Kabla ya kukubali jina la presha sugu, ondoeni vinavyodanganya. Pima mzingo wa mkono wake, katikati ya bega na kiwiko, kwa tepu ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha unafaa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo anahitaji mkanda mkubwa, maana mdogo husoma juu kuliko hali halisi. Akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishanishwa, mkono mezani usawa wa moyo. Apime mara mbili kwa kuachia dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na usiku kabla ya kulala, kwa siku 7. Futa namba za siku ya kwanza, piga wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 na kuendelea ni juu.

Muulize pia, bila ugomvi, anatumia nini barabarani. Mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, diclofenac au ibuprofen za mgongo, vidonge vya mafua vya kuzibua pua, pombe za jioni: vyote hupandisha presha, na madereva wengi hawavihesabu kuwa dawa.

Halafu mrekodi kwa simu usiku, dakika chache za video zenye sauti, akiwa amelala chali. Daktari atauliza maswali manane: anakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango uliofungwa? Anachoka mchana? Ameonekana akikatika pumzi? Ana presha? Uwiano wa uzito na urefu (BMI) unazidi 35? Umri unazidi 50? Shingo inazidi sentimita 40? Ni mwanamume? Kwa maelezo yako ana ndiyo sita hata kabla ya kupima shingo (uwiano wake ni kama 32), na kuanzia tano uwezekano ni mkubwa. Aombe kipimo cha usingizi. Kipo cha kulala hospitali na nyaya nyingi, na kipo cha kubeba nyumbani: kibomba puani, mkanda kifuani na kidude kidoleni. Jibu ni idadi ya mikatiko au mipunguo ya pumzi kwa saa: 5 hadi 14 ni hafifu, 15 hadi 29 ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Hakipatikani kila mkoa, kwa hiyo ulizeni hospitali kubwa zenye kitengo cha mapafu au cha masikio, pua na koo, na mjue bei na msimamo wa bima kabla ya kusafiri.

Tahadhari moja. Wengi huwekewa oksimita (kipima oksijeni) kidoleni mchana, inasoma 98, wanaambiwa wako salama. Kipimo cha mtu aliye macho hakisemi lolote kuhusu usiku wake. Isitoshe, vidude hivi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, na hina au rangi ya kucha huvivuruga zaidi.

Wakati mnasubiri, daktari anaweza kuongeza dawa ya nne. Mara nyingi huwa spironolactone, ambayo katika presha sugu imeonekana kufanya kazi vizuri kuliko nyingine za kuongezea. Ikichanganywa na losartan inaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukayumba, kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki moja hadi nne.

Kuhusu lori tutasema wazi. Mtu anayesinzia akiwa anakula asiendeshe lori hadi atibiwe, na usiku ndiyo kabisa. Najua hapo ndipo ada ya shule inapotoka. Amweleze mwajiri kwa barua ya daktari kabla barabara haijamweleza.

Nalala sukari ikiwa 7.2, naamka ni 9.8, na katikati sijala kitu. Mashine ni mbovu? (Msomaji, Kisumu)

Huenda si mashine, ila anza nayo. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa. Utomvu wa embe kidoleni unatosha kupandisha namba. Angalia tarehe ya mwisho ya vipande vya kupimia na kama kopo lilibaki wazi.

Namba zikibaki hivyohivyo, toa vipande tisa kwa usiku tatu: saa 4 usiku kabla ya kulala, saa 9 usiku, na unapoamka. Ya saa 9 ikiwa chini ya 3.9, sukari inashuka usingizini, pengine kwa dawa ya sukari ya glibenclamide, insulini au kulala bila kula. Kunywa vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, na dozi ijadiliwe na daktari haraka. Ikiwa iko juu tangu saa 4 na haishuki, tazama sahani ya usiku. Ugali wa saa 4 bado unafanya kazi saa 9. Na ikiwa imetulia saa 9 kisha inapanda kuelekea alfajiri, hizo ni homoni za kuamka, ambazo kila binadamu anazo, ila kwa mwenye kisukari insulini haitoshi kuzizuia.

Pumzi inayokatika huongeza chumvi kwenye kidonda hicho. Usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi karibu na alfajiri, na wakati huo misuli ya koo hulegea kuliko saa nyingine zote. Kwa hiyo mikatiko mibaya zaidi hutokea saa zilezile ambazo sukari inapanda. Kama unakoroma, ukiamka mdomo umekauka na kichwa kinauma, mweleze daktari kabla hajakuongezea metformin.

HbA1c yangu ni asilimia 5.2 lakini sukari ya asubuhi imekuwa 8 mara tatu. Daktari mmoja anasema niko sawa. Nina presha. (Msomaji, Mwanza)

HbA1c hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ikichukulia kwamba chembe huishi kama miezi mitatu. Kwa mwenye selimundu (sikoseli), chembe hufa mapema kabla sukari haijajikusanya, na jibu linatoka chini kwa uongo. Kurithi selimundu upande mmoja tu nako kunaweza kuvuruga jibu, kutegemea mashine ya maabara. Kanda ya Ziwa hilo si jambo la nadra. Kuongezewa damu hivi karibuni na kusafishwa figo huharibu jibu pia, wakati upungufu wa madini ya chuma mara nyingi hulipandisha. Namba mbili zikigombana, amini sukari ya damu yenyewe: 7.0 au zaidi kabla ya kula, mara mbili kwa siku tofauti, ikiwa ni ya maabara, ni kisukari. Omba pia upimwe selimundu kama hujawahi.

Shikamoo daktari. Nina miaka 64, presha na sukari kidogo. Usiku naamka mara nne kukojoa. Tezi dume imepimwa, wakasema si kubwa sana, lakini nimepewa dawa zake na sioni tofauti. Mke wangu amehamia chumba kingine kwa sababu ya mikoromo. (Mzee, Tanga)

Marahaba, mzee. Kuhama kwa mama ni dalili ya kumwambia daktari, ingawa huenda huipendi.

Chukua jagi lenye alama za mililita, na kwa siku tatu andika saa na kiasi cha kila mkojo. Mkojo wa kwanza wa kuamka unahesabiwa kuwa wa usiku. Kama unatoka kidogokidogo, kwa kusukuma, na hisia ya kubaki nao, tezi dume inahusika. Kama ni mwingi mchana na usiku pamoja na kiu, ni sukari. Kama mchana ni wa kawaida lakini usiku ni mwingi, zaidi ya theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, tafuta kwingine, na pumzi ni mahali pa kwanza.

Sababu yenyewe inashangaza kidogo. Kifua kinapovuta dhidi ya koo lililofungwa, damu nyingi hukimbilia moyoni na vyumba vya juu vya moyo vinatanuka. Moyo unadhani mwili umejaa maji kupita kiasi, unatoa homoni inayoziambia figo zitoe chumvi na maji. Figo zinatii. Unaamka ukidhani kibofu ndicho kimekuamsha, kumbe koo lilitangulia. Pumzi ikitibiwa, safari za chooni kwa wengi hupungua.

Kagua na saa ya dawa. Hydrochlorothiazide au furosemide ikimezwa jioni, usiku ni wa kukojoa. Mwulize daktari uihamishie asubuhi. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu, na ukilala maji hayo hurudi kwenye mzunguko: mengine huenda kwenye figo, mengine hupanda shingoni na kulibana koo. Inua miguu juu ya stuli kwa saa moja kabla ya kulala, na punguza chumvi hadi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na mchuzi wa vidonge. Usijinyime maji mchana. Ukiona damu kwenye mkojo, ukishindwa kukojoa, au ukikosa pumzi ukilala chali hadi lazima ukae, usisubiri siku ya kliniki.

Nina miaka 49. Nimemeza atenolol na hydrochlorothiazide kwa miaka mingi. Sasa sukari ni 6.5 na shoga yangu ananiambia ni dawa hizo, niziache. (Bi wa Unguja)

Shoga yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya hatari. Hydrochlorothiazide hupandisha sukari, hasa kwa dozi kubwa, kwa sababu inapoteza potasiamu na kongosho likikosa potasiamu hutoa insulini kwa uzito. Kwa miligramu 12.5 hadi 25 athari ni ndogo, na potasiamu ikiwa sawa ni ndogo zaidi. Atenolol nayo huongeza sukari na uzito kidogo. Lakini atenolol ukiiacha ghafla, presha na mapigo hurudi kwa kishindo, na mwenye mishipa ya moyo iliyobana anaweza kupata shambulio. Hupunguzwa polepole, daktari akiwa anaona.

Mwulize daktari maswali matatu. Atenolol nilipewa kwa ajili ya moyo au presha tu? Naweza kupata losartan au enalapril, ambazo haziharibu sukari na hulinda figo za mwenye protini kwenye mkojo? (Hazifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba.) Na lini nilipima mara ya mwisho potasiamu, kreatinini (kipimo cha figo) na protini ya mkojo? Ukija kuanza dawa ya sukari inayoweza kuishusha mno, kumbuka kwamba atenolol huficha mapigo ya moyo kwenda mbio. Jasho halifichiki. Jasho la ghafla la baridi, pima sukari.

Kwa umri wako, angalia na usingizi. Hedhi ikikoma, kinga ya homoni kwenye koo hupungua, na wanawake wengi wenye tatizo hili hawalalamiki kukoroma. Wanasema wamechoka, hawapati usingizi, kichwa kinauma asubuhi, na wanaondoka na dawa za wasiwasi. Wembamba nao si kinga: taya lililorudi nyuma au mafindofindo makubwa yanatosha.

Usiku nakabwa, nashtuka. Nyumbani wanasema ni jinamizi. Duka la dawa wananipa diazepam nilale. (Kijana, Goma)

Tofautisha. Ukiwa macho, unaona chumba, lakini mwili hausogei kwa dakika kadhaa, huko ni kupooza kwa usingizi. Kunatisha ila hakuui. Ukishtuka kutoka usingizini ukitafuta hewa, na aliye karibu anasema ulikuwa unakoroma, hilo ni koo. Diazepam hulegeza misuli hiyohiyo inayojifunga na kuchelewesha mshtuko unaokuokoa. Promethazine, dawa za kikohozi zenye codeine, na pombe hufanya vivyo hivyo. Kama umeitumia kila siku kwa wiki kadhaa usiikate siku moja. Ipunguzwe chini ya mganga wa hospitali. Kwa sasa lala ubavu. Mpira mdogo ulioshonewa mgongoni mwa fulana hukuzuia kugeuka chali. Pia inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa tofali. Mito mingi haifai, maana hukunja shingo na kubana koo zaidi.

Kaka yangu aliye Birmingham amenitumia mashine ya CPAP iliyotumika, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Nimepimwa: mikatiko 41 kwa saa. Naanza vipi, umeme ukikatika nitakosa hewa? Na nikishaizoea naacha vidonge vya presha na sukari? (Msomaji, Dodoma)

Kwanza soma lebo chini ya mashine. Mwezi Juni 2021 Philips Respironics walitangaza kurudisha mamilioni ya mashine, nyingi za jina la DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyo ndani inaweza kumomonyoka na kuingia kwenye hewa unayovuta. Baadhi ya mashine hizo bado zinazunguka mitumba. Linganisha namba ya mashine na orodha ya kampuni. Ukiona chembe nyeusi kwenye bomba, usiitumie.

Kisha upande wa umeme. Lebo ikisema 100–240 V, haihitaji transfoma, na plagi ya Uingereza ya pini tatu bapa inaingia kwenye soketi zetu. Weka kilinda umeme, kile cha friji. Barakoa, bomba na kichujio nunua vipya. Kichujio cha karatasi badilisha kila mwezi, na Dodoma wakati wa vumbi usingoje mwezi uishe.

Msukumo wa hewa hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida kati ya 4 na 20. Yako ikiwa ya namba moja isiyobadilika, iwekewe namba na aliyekupima. Ile iliyowekwa kwa koo la mtu wa Birmingham si yako. Zile zinazojirekebisha zenyewe hupewa kiwango cha chini na cha juu, nacho pia kiwekwe na mtaalamu.

Wengi hushindwa wiki ya kwanza. Vaa mchana kwa nusu saa ukiangalia televisheni, kabla hujalala nayo. Hewa ikivuja usikimbilie kukaza mikanda, kwani ukikaza sana kingo zinakunjika, inavuja zaidi na kutoboa ngozi ya juu ya pua. Legeza, lala chali, washa mashine, ndipo ukaze kidogo kidogo. Nawa uso uondoe mafuta. Mdomo ukikauka sana, unalala ukiwa wazi: jaribu barakoa ya pua na mdomo. Tumbo likijaa hewa, mwambie mtaalamu, huenda msukumo ni mkubwa. Osha barakoa kila asubuhi kwa maji na sabuni laini, uianike kivulini.

Tangi la unyevu linataka maji yaliyotoneshwa. Ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe na kuliharibu. Mwaga yanayobaki kila asubuhi, na weka mashine chini ya usawa wa kitanda, la sivyo maji yatakutembelea puani.

Umeme ukikatika hutakosa hewa. Barakoa ina matundu ya kutolea pumzi, na ile ya pua na mdomo ina vali inayofunguka. Lakini ivue, haikufanyii kazi tena. Ukitaka betri au sola, tumia waya wa mtengenezaji wa volti 12 au 24 kama lebo inavyotaka, na zima tangi la unyevu, kwani ndilo linalokula umeme mwingi. Betri ya gari yenye asidi isilale chumbani.

Sasa vidonge. Usiache. Mashine hushusha presha kwa wastani wa alama 2 hadi 3 tu. Kwa presha sugu hushuka zaidi kidogo, na pia kwa anayeivaa kwa muda mrefu. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2013 kwa watu wenye presha sugu, wiki 12, ulipata wastani wa presha ya saa 24 ukishuka kwa alama 3.1. Mwaka 2016 utafiti mkubwa ulioitwa SAVE haukuona mashine ikipunguza mashambulio ya moyo na kiharusi. Washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Lakini kusinzia mchana kulipungua, na kwa dereva au fundi wa juu ya paa hilo si dogo. Kwa sukari, tafiti nyingi hazikuona HbA1c ikishuka kwa maana. Anayekuuzia mashine kama tiba ya kisukari anakuuzia chumvi kwa bei ya sukari.

Hata hivyo ivae usiku kucha. Kawaida ni kuivaa saa 5 usiku, kuchoka, na kuivua saa 9 usiku, yaani kuiacha wakati ule wa alfajiri tuliomweleza msomaji wa Kisumu. Lengo la chini ni muda wa saa 4 kwa usiku, lakini saa hizo zisiwe za mwanzo tu.

Kinachogusa vyote vitatu ni uzito. Anayepunguza asilimia 10, tuseme kilo 10 kwa mwenye kilo 100, hupunguza mikatiko kwa takribani robo, na presha na sukari hufuata. Mashine haipunguzi uzito. Wengine huongezeka kidogo. Marekani mwezi Desemba 2024 iliidhinisha sindano ya tirzepatide kwa wenye mikatiko ya wastani au mikali na unene uliopita kiasi, lakini ni ghali, na sindano bandia za jina hilo zinauzwa mitandaoni. Ukianza kupungua au kuivaa vizuri, pima presha kila wiki. Namba ya juu ikishuka chini ya 110 na ukaona kizunguzungu ukisimama, hapo ndipo dozi hupunguzwa, na anayeipunguza ni daktari. Na siku ukienda kufanyiwa upasuaji wowote, mwambie wa dawa ya usingizi kwamba una tatizo hili, ubebe na mashine yako.

Ramadhani nafunga na CPAP, glibenclamide, na losartan iliyochanganywa na hydrochlorothiazide. Nibadilishe nini? (Msomaji, Mombasa)

Nenda kwa daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia. Glibenclamide ndiyo inayotia wasiwasi: ikimezwa daku kwa dozi ya kawaida, sukari inaweza kuanguka alasiri. Mara nyingi hupunguzwa au kubadilishwa. Metformin pekee ni nadra kuishusha mno. Hydrochlorothiazide kwenye joto la Pwani bila maji hukausha mwili, kwa hiyo uliza kama utapewa losartan peke yake kwa mwezi huo. Pima sukari mchana, wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, futuru hapohapo, saa yoyote.

Usingizi wa Ramadhani hukatwa vipande: kidogo baada ya tarawehe, kidogo baada ya alfajiri, na wa mchana. Barakoa iwepo kwenye kila kipande, hata cha nusu saa. Mvuke wa tangi la unyevu mchana, kama unakutia shaka, muulize shekhe wako, au lizime tu. Hewa yenyewe ndiyo tiba, na kwa unyevunyevu wa Mombasa huenda usilikose.